Kubadili Matumizi ya Ardhi Lilongwe na Dzaleka: Jirani ni Nani Mbele ya Sheria?

Kubadili matumizi ya ardhi ni uamuzi wa mamlaka ya mipango kuruhusu kiwanja au eneo lililotengwa kwa kazi moja litumike kwa kazi nyingine: nyumba ya kuishi iwe duka, shamba liwe mtaa, bonde la wazi liwe kituo cha mafuta. Ombi huletwa na mtu mmoja kuhusu kipande kimoja cha ardhi, lakini matokeo yake hayabaki ndani ya ua wake. Kelele, maji ya mvua, magari, kodi ya pango na thamani ya nyumba huvuka mpaka. Kwa sababu hiyo sheria za mipango katika nchi nyingi humpa jirani nafasi ya kusema neno kabla kibali hakijatoka. Ugumu huanza pale inapobidi kuamua jirani huyo ni nani.

Malawi ya kati inaonyesha ugumu huo kwa sura mbili zilizoachana kwa umbali wa kilomita hamsini hivi. Lilongwe, mji mkuu, ulichorwa kwenye karatasi kabla sehemu yake kubwa haijajengwa, na tangu hapo mchoro wake umekuwa ukibadilishwa kiwanja kwa kiwanja. Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, ni ardhi iliyokuwa gereza, ikawa kambi ya wakimbizi, na leo ina watu wengi kuliko miji kadhaa ya wilaya. Kule Lilongwe badiliko huanza kwa ombi la mwenye kiwanja. Dzaleka lilianza kwa amri ya serikali. Katika sura zote mbili anayesikika ni mwenye hati, na anayeishi mahali pale bila hati huyapokea matokeo yakiwa yamekwisha kuamuliwa.

Mizizi ya sheria

Kuna njia mbili kuu za kuongoza matumizi ya ardhi. Ya kwanza ni ya kanda. New York ilipitisha kanuni zake za kanda mwaka 1916, na mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kijiji cha Euclid huko Ohio, ilikubali kwamba serikali ya mtaa inaweza kukataza biashara na viwanda katika eneo la makazi bila kuvunja haki ya mwenye mali. Kwa njia hii ramani ndiyo sheria. Anayefuata ramani hana haja ya hisani ya mtu, na anayetaka kwenda kinyume nayo lazima aombe ramani yenyewe ibadilishwe.

Njia ya pili ni ya kibali. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1947, iliamua kwamba kila ujenzi, na kila badiliko la maana la matumizi ya ardhi au jengo, huhitaji ruhusa ya mamlaka. Mpango wa mji unaongoza uamuzi, lakini haufungi mikono ya mwamuzi. Kila ombi hupimwa kwa hali yake. Makoloni ya Uingereza yalirithi njia hii, na nchi huru zikaiendeleza. Malawi iliiweka katika Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 1988, na kisha katika Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2016, ambayo ilikuja pamoja na sheria mpya za ardhi na za ardhi ya kimila za mwaka huohuo.

Tofauti kati ya njia hizi mbili inamhusu jirani moja kwa moja. Panapotawala kanda, jirani anajua tangu mwanzo nini kinaweza kujengwa kando yake. Panapotawala kibali, usalama wake unategemea mambo mawili: kupata habari ya ombi mapema, na kusikilizwa na watu wanaoamua kwa haki. Habari isipomfikia, au waamuzi wakiwa mbali naye, kinachobaki ni hiari ya ofisi.

Urithi mwingine wa enzi ya ukoloni ni kupanga makazi kwa ngazi za msongamano. Viwanja vikubwa vilikuwa vya maofisa na Wazungu, vya kati vya wafanyabiashara na makarani, na vidogo vya wafanyakazi Waafrika. Rangi iliondolewa kwenye sheria, lakini ukubwa wa viwanja ulibaki, na ukubwa huo ndio unaoamua hadi leo ni mtaa gani wenye nafasi ya kugeuzwa wa biashara na ni mtaa gani ambao kila badiliko hubana njia ya jirani.

Mji uliochorwa kwanza

Malawi ilipopata uhuru mwaka 1964, makao makuu ya serikali yalikuwa Zomba na biashara ilikuwa Blantyre, zote kusini. Lilongwe ilikuwa mji mdogo wa biashara ya tumbaku na mazao. Sensa ya mwaka 1966 ilihesabu watu 19,425. Hastings Kamuzu Banda, kiongozi wa nchi wakati huo, alitaka serikali ikae katikati ya nchi. Shirika la kuendeleza mji mkuu liliundwa mwaka 1968, mkopo ulipatikana Afrika Kusini, na tarehe 1 Januari 1975 Lilongwe ikawa rasmi mji mkuu.

Wachoraji wa mpango wa mwaka 1968 walifuata wazo la mji wa bustani. Mji uligawanywa katika vipande vilivyopewa namba, ndiyo maana wakazi husema wanaishi Area 18 au Area 25, na namba hizo hazifuatani kwenye ardhi. Mji wa zamani wenye soko uliachwa kusini, Capital Hill na wizara zake zikawekwa kilomita kadhaa kutoka hapo, na viwanda vikapelekwa kaskazini, Kanengo. Kati ya vipande hivyo yaliachwa mabonde, misitu na nafasi za wazi kando ya mito ya Lilongwe na Lingadzi.

Mpango huo ulikuwa na thamani yake, lakini uliwafikiria zaidi watu wenye magari. Anayefanya kazi Kanengo na kulala Chinsapo huvuka karibu mji mzima. Nafasi za wazi zilizoachwa kama mapafu ya mji zilikuwa pia akiba ya ardhi, na mji ulipokua zikawa za kwanza kuombwa. Ukuaji wenyewe ulikuwa wa kasi: watu 98,718 katika sensa ya 1977, kisha 989,318 katika sensa ya 2018. Mji ulioongezeka mara kumi katika miaka 41 haukuweza kubaki na mchoro wake wa kwanza. Mwaka 2010 mpango mkuu mpya uliandaliwa kwa msaada wa JICA, shirika la ushirikiano wa kimataifa la Japani, ukijaribu kuweka vituo vipya vya biashara na barabara za kuunganisha mitaa iliyotawanyika. Mpango mpya, hata hivyo, hukuta maamuzi mengi madogo yamekwisha kufanyika kabla yake.

Njia ya ombi na milango yake

Mwenye kiwanja Lilongwe anayetaka kubadili matumizi hukutana na jambo la kwanza linalowachanganya wengi: ardhi ya mji ina wasimamizi watatu. Wizara ya Ardhi inasimamia sehemu, Halmashauri ya Jiji sehemu, na Shirika la Nyumba la Malawi, lililoanzishwa mwaka 1964, sehemu nyingine. Viwanja viwili vilivyopakana vinaweza kuwa chini ya ofisi mbili tofauti. Jirani anayetaka kupinga huweza kwenda ofisi moja akaambiwa faili liko kwingine.

Jambo la pili ni kwamba ruhusa zinazohitajika ni mbili. Hati ya upangaji wa ardhi kwa kawaida hutaja matumizi yaliyokubaliwa, kwa hiyo mwenye kiwanja anahitaji kibali cha mipango kutoka mamlaka ya mipango, na pia ridhaa ya aliyempa hati. Kibali cha mipango hupima mambo ya mji: barabara, maji, majirani. Ridhaa ya mtoa hati hupima zaidi masharti na malipo. Mwombaji aliyepata moja huweza kuanza kazi akidai kwamba amekwisha kuruhusiwa.

Jambo la tatu ni mpangilio wa wakati. Njia iliyoandikwa huanza na ombi, hufuata ukaguzi, maoni na uamuzi, kisha ujenzi. Mitaani mara nyingi ujenzi hutangulia, na ombi huja baadaye kuhalalisha kilichosimama. Kamati inayokutana na jengo la ghorofa mbili lenye wapangaji ndani haiamui tena kama jengo lijengwe. Inaamua kama livunjwe, na kuvunja ni gharama ambayo ofisi chache zina moyo wa kuibeba. Ukuta ukishasimama, sauti ya jirani haina uzito ule ambao ingekuwa nao mwanzo.

Jambo la nne ni uwakilishi. Katika mfumo wa kibali, diwani ndiye daraja kati ya mkazi na kamati. Malawi ilichagua madiwani mwaka 2000, muda wao ukaisha mwaka 2005, na uchaguzi mwingine haukufanyika hadi Mei 2014. Kwa karibu miaka tisa halmashauri ziliendeshwa na watendaji bila madiwani wa kuchaguliwa, nacho kilikuwa kipindi ambacho Lilongwe ilikuwa ikijaa kwa kasi. Maamuzi ya kiufundi yaliendelea. Daraja la malalamiko halikuwepo.

Kinachovuka ua

Athari za badiliko kwa majirani zinaweza kupangwa kwa mafungu matano, na kila fungu lina watu wake wa kupata na wa kupoteza.

La kwanza ni maisha ya kila siku. Katika Area 3, Area 10 na Area 47, nyumba nyingi zilizojengwa kwa ajili ya familia zimegeuzwa ofisi, zahanati, shule binafsi na nyumba za wageni. Nyumba ya familia ina magari mawili. Shule ina makumi ya magari asubuhi na mchana. Baa ina muziki usiku, na nyumba ya wageni ina watu wasiojulikana mtaani. Madhara haya ni ya wazi, na ndiyo yanayoandikwa zaidi katika mapingamizi.

La pili ni maji safi na maji taka. Mabomba ya Bodi ya Maji ya Lilongwe yaliwekwa kwa hesabu ya idadi fulani ya watu. Sehemu kubwa ya jiji haina mfumo wa maji taka. Hutumia mashimo, na viwanja vikubwa viliachwa vikubwa kwa sababu shimo linahitaji nafasi. Kiwanja kikigawanywa mara nne na kila kipande kikachimbiwa shimo lake, ardhi ileile inabeba mzigo mara nne. Maji taka yanayokusanywa huenda kwenye mabwawa ya Kauma, ambako pia wanaishi watu. Hivyo uamuzi unaofanywa katika mtaa wa juu unaweza kumfikia mkazi wa Kauma ambaye hakuwahi kusikia jina la mwombaji.

La tatu ni maji ya mvua. Madambo, yaani mabonde ya majimaji, na kingo za mito hunyonya mvua za Januari na Februari. Zikifunikwa kwa zege, maji hukimbilia chini. Anayejenga juu hapati mafuriko. Anayapata wa bondeni. Katika fungu hili umbali wa jirani haupimwi kwa uzio, unapimwa kwa mwelekeo wa mteremko. Sheria inayomtambua jirani wa kupakana peke yake humwacha nje mtu anayeathirika kuliko wote.

La nne ni fedha. Mtaa ukifunguliwa kwa biashara, bei ya viwanja hupanda. Mwenye nyumba anaweza kuuza kwa faida au kupandisha pango, ingawa kodi ya jiji inayofuata thamani ya jengo nayo humpandia. Mpangaji hana faida hata moja kati ya hizo. Analipa pango jipya au anahama. Kwa sababu hiyo mapingamizi ya wenye nyumba hayawezi kuchukuliwa kuwa sauti ya mtaa mzima. Wengine hunyamaza wakiwa na matumaini kwamba na wao wataomba kesho.

La tano ni mfano unaowekwa. Kibali cha kwanza katika mtaa hutolewa kwa hoja kwamba duka moja halina madhara. Cha pili hutolewa kwa sababu cha kwanza kipo. Ikifika cha kumi, mtaa umekwisha kubadilika bila kikao chochote kuamua kwamba ubadilike. Kila uamuzi ulikuwa mdogo na wenye sababu, na jumla yake haikupimwa na mtu.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito. Mabadiliko mengi yanaleta huduma karibu na watu katika mji uliochorwa kwa umbali mrefu. Duka la jirani, mashine ya kusaga mahindi, zahanati ya mtaani na kituo cha minibasi humwokoa mkazi asiye na gari nauli na saa za kutembea. Pingamizi linaweza pia kuwa silaha ya wenye nacho kuwazuia wasionacho: mtaa wa viwanja vikubwa unaokataa nyumba ndogo kwa jina la utulivu huwasukuma wafanyakazi wake wenyewe waishi mbali. Kumsikiliza jirani hakumaanishi kumpa kila jirani haki ya kukataa.

Vijiji vilivyomezwa

Mafungu hayo matano yanahusu mitaa yenye hati. Sehemu kubwa ya wakazi wa Lilongwe wanaishi kwingine: Mtandire, Chinsapo, Mgona, Mtsiliza, Kauma. Mengi ya maeneo haya yalikuwa vijiji vya Wachewa kabla mji haujavifikia. Mipaka ya jiji ilipanuka ikavikumba, lakini machifu walibaki, na watu waliofika mjini kutafuta kazi waliendelea kununua viwanja kwao. Sheria haimpi chifu mamlaka ya kugawa ardhi ndani ya jiji, ila mnunuzi hupata kwake kile ambacho ofisi haikuweza kumpa: kiwanja cha bei anayoimudu, leo.

Hapa shamba hugeuka makazi bila ombi wala ramani. Kwa jicho la mpango, maeneo haya huonekana ni ardhi ya matumizi mengine: akiba ya barabara, bonde la mto, eneo la viwanda. Ombi rasmi linapokuja juu ya ardhi hiyo, kwa mfano la kujenga kiwanda au jengo la biashara, wakazi waliopo huweza kuitwa wavamizi ingawa wengine wamezaliwa hapo. Hawana barua inayowatambua kuwa majirani, kwa hiyo taarifa ya ombi haina pa kuwafikia. Wanaposikika, husikika kupitia chifu, ambaye wakati mwingine ndiye aliyeuza viwanja vyenyewe.

Dzaleka: ardhi iliyobadilishwa kwa amri

Katika enzi ya Banda, Dzaleka ilijulikana kwa gereza lililowafunga wapinzani wa kisiasa. Mwaka 1994, vita na mauaji yalipowakimbiza watu kutoka Rwanda, Burundi na nchi iliyoitwa Zaire, eneo hilo likafanywa kambi ya wakimbizi. Lilikusudiwa kuchukua watu kati ya 10,000 na 12,000. Kambi ya Luwani, wilayani Neno, ilipofungwa mwaka 2007, wakazi wake waliletwa Dzaleka, na wakimbizi wapya wakaendelea kufika, wengi wao kutoka mashariki ya Kongo. Kufikia mwaka 2023 Dzaleka ilikuwa na watu zaidi ya 50,000.

Kwa maana ya mipango miji, ardhi hiyo imebadilishwa matumizi mara tatu: gereza, kambi ya muda, kisha mji. Badiliko la tatu halina tarehe. Soko lilikua, mitaa ikapata majina ya mitaa ya Lilongwe kama Kawale na Likuni, makanisa na misikiti vikajengwa, na tangu mwaka 2014 tamasha la Tumaini limekuwa likiwaleta wageni kutoka Lilongwe na nje ya nchi. Kiswahili ni miongoni mwa lugha za soko hilo, pamoja na Kinyarwanda, Kirundi na Kichewa. Kisheria mahali hapo pamebaki kambi. Hivyo ramani inayopaita kambi na maisha yanayopafanya mji vinakwenda sambamba bila kukutana, na viwanja vinagawanywa upya ndani ya mipaka ileile kila wanapofika watu wapya.

Majirani wa Dzaleka ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wanakijiji wa Dowa wanaoizunguka kambi. Wamepata na wamepoteza. Soko la kambi hununua mahindi, nyanya na mbuzi wao. Kituo cha afya cha Dzaleka kinawatibu. Watoto wao husoma pamoja na watoto wa wakimbizi, kwa mfano katika shule ya msingi ya Umodzi Katubza. Upande mwingine, miti imekatwa kwa kuni, visima vina foleni, na ardhi ya kulima karibu na kambi imekuwa adimu. Kwa Wachewa, wanaofuata ukoo wa mama, shamba hurithiwa zaidi kwa upande wa wanawake, kwa hiyo ardhi ikichukuliwa au ikikodishwa ovyo, wanawake ndio wanaopoteza msingi wao wa kuishi. Sheria ya Ardhi ya Kimila ya mwaka 2016 inaligusa jambo hili: inaweka kamati za ardhi chini ya machifu wa makundi ya vijiji, zenye wajumbe sita wa kuchaguliwa, watatu kati yao wakiwa wanawake. Mwanakijiji wa Dowa angalau ana mlango wa kubisha.

Wa pili ni wakimbizi wenyewe, ambao hawana mlango huo. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, mwaka 1987, iliweka masharti kadhaa. Kifungu cha 13, kinachohusu mali na upangaji wa ardhi na nyumba, kilichukuliwa kuwa pendekezo tu. Katika kifungu cha 26 nchi ilijihifadhia haki ya kuwachagulia wakimbizi mahali pa kuishi. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyekaa miaka ishirini katika nyumba aliyoijenga kwa matofali yake mwenyewe hahesabiwi kuwa na haki juu ya ardhi iliyo chini yake. Mpaka ukisogezwa au mtaa ukipangwa upya, huarifiwa tu.

Uhusiano wa Dzaleka na Lilongwe unaonyesha jinsi amri juu ya mahali inavyoweza kubadili mitaa miwili kwa pigo moja. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 2012 iliwazuia wageni kufanya biashara nje ya majiji ya Lilongwe, Blantyre, Mzuzu na Zomba, na wafanyabiashara wengi, wakiwemo wakimbizi, wakaelekea mijini. Mwezi Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka ifikapo tarehe 15 Aprili, na tarehe 17 Mei polisi wakakamata mamia ya watu jijini Lilongwe, watoto wakiwemo, na kuwapeleka kambini. Maduka yalifungwa, wenye nyumba wakapoteza wapangaji, wateja wa mtaani wakapoteza bidhaa za karibu, na Dzaleka iliyokwisha kujaa ikapokea watu wengine. Uamuzi haukuitwa wa mipango miji, lakini athari zake kwa majirani zilikuwa zilezile ambazo sheria ya mipango iliwekwa kuzipima.

Wazo la kuihamisha kambi nalo limekutana na majirani wa mbali. Serikali ilipotangaza nia ya kujenga kambi mpya Katili, wilayani Karonga, wakazi wa kule walipinga. Wasiwasi wao ulihusu ardhi ya kulima na usalama wa mpakani. Ni pingamizi la kubadili matumizi ya ardhi kwa kila kipimo, ingawa lilizungumzwa kwa lugha ya siasa kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kulizungumzia.

Nchi nyingine za ukanda huu

Kenya ndiyo iliyoweka wazi zaidi haki ya kuarifiwa. Chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019, mwombaji hutangaza ombi lake, na mwenye pingamizi ana siku 14 za kuliandika. Mitaa ya Nairobi kama Kilimani na Kileleshwa, iliyokuwa ya nyumba za bustani na sasa imejaa maghorofa, inaonyesha mipaka ya haki hiyo: vyama vya wakazi vyenye mawakili huweza kwenda mahakamani, lakini mpangaji asiyesoma gazeti husikia mashine za ujenzi kabla ya tangazo.

Kuhusu wakimbizi, Kenya na Uganda zimejaribu njia tofauti na ya kambi. Kalobeyei nchini Kenya, karibu na kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ilianzishwa kuanzia mwaka 2015 baada ya mazungumzo na serikali ya kaunti na jamii ya Waturkana, ikikusudiwa tangu mwanzo kuwahudumia wenyeji na wakimbizi pamoja. Uganda hutoa vipande vya ardhi katika makazi kama Nakivale, yaliyopo tangu mwisho wa miaka ya 1950, ingawa ugomvi wa mipaka na wakulima na wafugaji wa kandokando haujaisha.

Tanzania inatoa funzo la pekee. Makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu yalianzishwa kwa Warundi waliokimbia mwaka 1972. Walipokubaliwa kupewa uraia, zaidi ya watu 162,000, walitakiwa kwanza kuhama, na ardhi ya Katumba na Mishamo ikatajwa kwa kilimo kikubwa cha mwekezaji kutoka Marekani. Mpango wa kuwahamisha uliachwa, na kuanzia mwaka 2014 vyeti vya uraia vilitolewa huku watu wakibaki walipokuwa wamelima kwa miaka arobaini. Kilichobadilika kwanza kilikuwa hadhi ya mtu, na hadhi ya ardhi ikaifuata.

Vipimo vya uamuzi wa haki

Kutokana na sura hizi zote, vipimo vinne vinatosha kutofautisha badiliko lililopimwa na lililopitishwa.

Cha kwanza ni kumtambua jirani kwa athari. Wa kupakana ahesabiwe, na wa bonde la chini, wa barabara inayotumika na wa mwisho wa bomba wahesabiwe pia, wawe na hati au wasiwe nayo. Hati ni kipimo cha umiliki. Athari haiulizi umiliki.

Cha pili ni habari inayofika. Tangazo la gazetini lina msomaji mwenye gazeti. Bango kwenye kiwanja, tangazo la redio na kikao cha mtaa kwa lugha ya wakazi huwafikia wengine; kwa Dzaleka hilo linamaanisha Kiswahili na Kinyarwanda kando ya Kichewa. Habari ifike kabla ya msingi kuchimbwa.

Cha tatu ni kuhesabu jumla. Mamlaka ikijua idadi ya vibali vilivyokwisha kutolewa katika mtaa, na uwezo wa bomba, barabara na mfereji uliobaki, itaweza kukataa ombi la kumi bila kumwonea mwombaji, au kuubadili mtaa mzima kwa uwazi na kujenga miundombinu inayolingana.

Cha nne ni kugawana faida na hasara. Mwenye kiwanja anayepandishiwa thamani kwa kibali anaweza kutakiwa kujenga mfereji, kuweka maegesho au kuchangia barabara. Pale serikali yenyewe inapobadili matumizi, kama ilivyofanya Dowa, deni hilo ni lake: visima, miti, madarasa na zahanati kwa vijiji vilivyopokea, na uhakika wa kubaki kwa waliopangiwa mahali hapo.

Vipimo hivi haviondoi mgongano. Mwenye kuomba na mwenye kupinga wanaweza wote kuwa na haki, na mji unaokua mara kumi utabadili matumizi ya ardhi iwe kwa kibali au bila kibali. Pasipo kibali, gharama huwaangukia wasio na karatasi, wawe ni wapangaji wa Mtandire, wakulima wa kike wa Dowa au wakimbizi wa Dzaleka. Kwa kibali kinachofuata vipimo hivi, gharama hiyo huhesabiwa mapema, na wanaotakiwa kuilipa wanajulikana kabla ya kazi kuanza.